Nilivyowafundisha Biashara Kidato cha Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo Bi Rahma, mwalimu mkuu wetu, ameniita ofisini kwake na kunikabidhi somo la ujasiriamali la Kidato cha Tatu. Bi Laila aliyekuwa akilifundisha amekwenda likizo ya uzazi. Bi Rahma alisema amenichagua kwa kuwa vipindi vyangu vya Jiografia ni vichache. Alisema hivyo asije akawaudhi wenzangu. Sababu ya kweli naijua. Katika skuli nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kufanya biashara.

Nimefanya tatu. Nilifungua duka la intaneti hapa Wesha, mwaka uleule ambao kila mtu alinunua simu yake. Nikauza barafu kwa wavuvi, mpaka umeme ulipokatika siku nne na friza likawa kisima. Nikafuga bata. Hao waliondoka wenyewe, wakaingia mikokoni, hawakurudi. Biashara tatu nimezifungua na tatu nimezifunga. Maalim Ishak wa Kilimo hajafunga hata moja, na bado watu wanamwita mtaalamu.

Alhamisi ya wiki ijayo kuna mashindano Chake Chake. Kila skuli inapeleka kundi moja la wanafunzi, na kundi linaeleza wazo lake la biashara mbele ya waamuzi kwa dakika tano. Ishak anaandaa Kidato cha Pili. Mimi naandaa Kidato cha Tatu. Bi Rahma atachagua kati yetu Jumanne tarehe 15. Nilimpa Ishak mkono na kumtakia kheri. Nilimwonea huruma kidogo.

Bi Laila ameacha kitini cha kurasa arubaini. Ukurasa wa kwanza unasema mwalimu asiwape wanafunzi wazo, bali awaulize ni shida gani wanaziona majumbani kwao. Nimeuruka ukurasa huo. Wazo ninalo.

Jumanne, 8 Oktoba

Kipindi cha kwanza. Kwa adabu tu, niliwauliza wanafunzi mawazo yao. Hamdan, ambaye hucheka kabla hajasema, alitaka kuosha bodaboda. Yumna, mwepesi wa hesabu kuliko wote, alitaka kusuka nywele za maharusi. Kisha Khairat akanyoosha mkono. Ni msichana mkimya, anaishi na bibi yake, hukaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Alisema kijijini kwao watu huenda mashambani kuchuma karafuu, na zile zilizokwisha kuchumwa huachwa zimeanikwa uani bila mtu. Mvua ikija ghafla, zinalowa. Alisema angependa kuwe na watu wa kuzianua.

Nilimjibu kwa upole kuwa mvua ni kazi ya Mungu, si biashara. Kisha nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, wazo ambalo tutalipeleka Chake Chake: MKONO MWEMA. Ni maji ya karafuu ya kuondoa harufu ya samaki mikononi. Pemba ina karafuu. Pemba ina samaki. Pemba ina mikono. Sijui kwa nini hakuna aliyeliona kabla yangu.

Darasa lilikaa kimya muda mrefu. Nimefundisha miaka kumi na tisa, naujua ukimya wa watu waliovutiwa.

Khairat aliuliza ni nani aliyesema anayahitaji maji hayo. Nilimwambia suala hilo liko ukurasa wa tatu, na sisi tupo ukurasa wa pili.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimetengeneza Mkono Mwema nyumbani. Nilichemsha karafuu na majani yake katika sufuria kubwa ya mke wangu, Mwanabaraka, nikaongeza kichupa kizima cha mafuta ya karafuu ili bidhaa iwe na nguvu. Nimepata chupa kumi na mbili. Rangi yake ni ya chai. Harufu yake inafika kwa jirani wa tatu, kwa maana alikuja kuuliza nani anaumwa jino.

Mwanabaraka alilalamika kuhusu sufuria. Yeye si mtu wa biashara. Anaoka mikate ya ufuta na kuiuza hapa mlangoni, basi. Ameanza mwaka tuliooana, na kila siku ikifika alasiri mikate imekwisha, jambo linaloonyesha kuwa hapangi vizuri. Aliniuliza chupa zile nitamuuzia nani. Nikamweleza habari ya soko, bidhaa na nembo. Alisikiliza huku anakanda unga. Kisha akasema yeye, kabla hajaoka mkate wa kwanza, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanataka mkate saa ngapi.

Nilimwambia hayo ni mambo ya mikate.

Alhamisi, 10 Oktoba

Utafiti wa soko. Nilikwenda na kundi langu la watatu, Khairat, Yumna na Hamdan, mpaka bandarini Wesha wakati mashua zinarudi. Niliwaambia watazame wajifunze jinsi mjasiriamali anavyomkaribia mteja.

Mteja wa kwanza alikuwa Jaribu, mvuvi, mtu mzima mwenye subira. Nilimsalimia, nikamuuliza hali ya kazi, nikamwomba mikono yake. Akanipa yote miwili. Nikamimina.

Sikujua kuwa ana mikwaruzo ya mshipi. Jaribu hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Maalim, weye umenitia moto." Kisha akatembea baharini na kusimama maji ya kiuno, mikono ameizamisha, kwa muda wa robo saa. Watu wakakusanyika. Hadhira kubwa namna ile ni vigumu kuipata.

Alipotoka alikiri kuwa harufu ya samaki imekwenda. Mikono yake sasa inanuka chumba cha daktari wa meno. Tatizo dogo ni kwamba aliendelea kupanga samaki wake kwa mikono hiyo hiyo, na wanunuzi wawili wakawarudisha wakisema samaki wananuka pilau. Niliwaandikia wanafunzi matokeo: bidhaa inafanya kazi, tena kupita kiasi.

Khairat alimwomba Jaribu msamaha na kumletea maji baridi ya kunawa. Nikamwona anaongea naye, kisha anaandika kwenye daftari. Nilimuuliza anaandika nini. Alisema amemuuliza kama mkewe ana karafuu, nani anazilinda zikianikwa, na mwaka jana zililowa mara ngapi. Mara nne, Jaribu alimjibu. Nilimkumbusha kuwa tumekuja kwa habari ya mikono.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa wanafunzi wangu watatu walibisha hodi nyumbani. Sikuwa nimewaita. Kwa hiari yao, baada ya saa za skuli, wamekuja kwa mwalimu wao. Wangapi kati ya walimu wa kisiwa hiki wanaweza kusema hivyo? Ishak hawezi.

Niliwakaribisha, nikaingia ndani kuandaa hotuba niliyokusudia kuwapa. Niliandika kurasa sita. Nilipotoka, walikuwa jikoni na Mwanabaraka. Yumna alikuwa akimuuliza bei anaipangaje, na anafanyaje mtu akisema mkate haukuumuka. Mwanabaraka alikuwa akijibu huku anageuza mikate. Alisema kwa mkate mbovu yeye haombi malipo, hata mteja aking'ang'ania kulipa, kwa sababu mteja huyo kesho atarudi na jirani yake. Hamdan alikuwa anakula.

Walikaa huko saa mbili. Niliwaacha. Watoto huona haya mbele ya mtu mwenye ujuzi mkubwa, huanza kwanza kwa watu wa kawaida. Walipoaga, daftari la Yumna lilikuwa limejaa. Hotuba yangu itafaa siku nyingine.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepanda mpaka kijijini kwa kina Khairat kumwomba bibi yake ruhusa ya mashindano. Anaitwa Bi Mwanapili. Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, akigeuza karafuu juu ya jamvi kwa mkono. Nilitoa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza hali ya nyumbani, ya mama yangu, ya mama wa mke wangu. Kisha akaniuliza nimekuja na nini kwenye mfuko.

Nilimwonyesha chupa. Akaifungua, akainusa, akaifunga.

Nilimweleza kwa kirefu kuwa Khairat ana sauti nzuri, na kwamba nataka asimame mbele ya waamuzi aeleze Mkono Mwema. Bi Mwanapili aliniuliza kama nimewahi kuanika karafuu. Nikamwambia nimefundisha ramani ya mazao ya Zanzibar miaka kumi na tisa. Akasema hakuuliza hilo.

Halafu akaweka sharti lake. Khairat atakwenda Chake na jambo lake mwenyewe, au atabaki hapa ageuze karafuu.

Mjasiriamali anajua wakati wa kurudi nyuma. Nilikubali, nikanywa chai, nikashukuru. Njiani nikashuka nikiwa na mpango mpya tayari kichwani. Watasema habari za karafuu zao, sawa. Lakini fomu ya mashindano inajazwa na mwalimu. Na mwalimu ni mimi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, skuli imefungwa. Nilipita hata hivyo, kwa mapenzi ya kazi. Mlinzi ananijua.

Nimesikia kuwa kesho Ishak atatumia projekta. Ameandaa picha za kuku kwenye kompyuta. Kundi lake linatengeneza chakula cha kuku kutokana na vichwa vya dagaa. Sasa, skuli yetu ina projekta moja, na ukumbi wetu una soketi moja, iko mlangoni, na waya wa ekstensheni ni mmoja tu. Waya huo niliuona umechakaa kidogo. Nikauchukua nyumbani nikautazame. Usalama wa wanafunzi kwanza.

Mwanabaraka aliuliza waya ule ni wa nini. Nikamwambia ni wa skuli, unaumwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku ya kuchaguliwa. Ukumbi umejaa. Ishak alihangaika na projekta kwa dakika kumi. Nilimsaidia kutafuta waya. Nilitafuta hata chini ya meza ya Bi Rahma.

Mwisho Ishak aliiacha projekta, akatoka nje, akarudi na kuku wawili hai, mmoja amelishwa chakula chao, mwingine wa kawaida. Yule wa kwanza alikuwa mkubwa mara mbili, tena mtukutu. Aliruka juu ya meza, akataga yai mbele ya mwalimu mkuu. Ukumbi ulipiga makofi mpaka nikaona jambo limenigeukia. Picha za kuku zisingeweza kutaga. Hilo nimelitambua nikiwa nimechelewa.

Kisha akasimama Khairat. Hakuwa na kuku wala picha. Alisimama mikono ameishikanisha, akasema polepole. Kijijini kwao kuna nyumba kumi na moja zenye karafuu. Badala ya kila mtu kuanika kwake na kuacha, zote zianikwe uwanja mmoja, kila jamvi na alama ya mwenyewe. Walinzi wawepo toka asubuhi mpaka alasiri, wazigeuze, wazifunike mvua ikija. Malipo ni kibaba kimoja cha karafuu kavu kwa kila jamvi.

Ishak alisimama kuuliza. Nilijua atauliza. Alisema wazo ni zuri, lakini asubuhi wanafunzi wako skuli, sasa nani atalinda?

Khairat alisema bibi yake na wenzake watatu. Ni wazee, miguu haiwaruhusu tena kupanda mashamba, na wanakaa majumbani bila kipato. Amewauliza mmoja mmoja. Wote wamekubali, na mmoja ameuliza kama anaweza kuanza kesho. Wanafunzi watafika saa nane kusaidia kuanua na kupima.

Ishak aliketi. Alikuwa anatabasamu, na sikupenda lile tabasamu, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Bi Rahma alitafakari, akachagua Kidato cha Tatu. Nimeshinda. Walinipa mkono walimu wote. Bi Rahma aliponipa wake aliniuliza kama najua ekstensheni iko wapi. Nikamwambia nimesikia inatengenezwa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimejaza fomu. Penye jina la kundi nimeandika Mkono Mwema. Penye maelezo nimeandika maji bora ya kuondoa harufu ya samaki, mvumbuzi H. Kificho, yaani mimi. Khairat ataongea habari za majamvi, lakini waamuzi watakuwa na fomu mbele yao, nami nitakuwa na chupa nane mfukoni. Mambo mawili kwa safari moja.

Niliporudi darasani nikamkuta Ishak na kundi langu. Alikuwa akiwauliza masuala magumu, moja baada ya jingine, kama mwamuzi mkali. Mtu akidai karafuu zake zimepungua? Mvua ya siku tatu mfululizo? Mlinzi akiugua? Yumna alikwama mpaka macho yakajaa machozi, kisha akajibu. Ishak akamwambia vyema, rudia tena, safari hii usiangalie chini.

Kwanza nilidhani anapeleleza. Halafu nikaelewa. Mpinzani wangu ananifanyia kazi yangu, bure, na mimi nimeketi ofisi ya walimu na chai. Huo ndio ujasiriamali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimechoka, na mambo ni mengi.

Skuli saba. Waamuzi watatu, mkubwa wao mama mmoja mfanyabiashara wa viungo kutoka Wete, mwenye miwani na kalamu isiyotulia. Nilivaa koti. Wanafunzi wangu walivaa sare zilizopigwa pasi, za Khairat zina kiraka begani lakini kimeshonwa vizuri sana.

Zamu yetu ilipofika, mtangazaji alisoma kwenye karatasi: "Kundi la Mkono Mwema, watengenezaji wa maji ya kuondoa harufu ya samaki."

Yumna alimtazama Khairat. Khairat akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nikitazama feni ya darini, ambayo ilikuwa inazunguka vizuri.

Nilidhani watarudi nyuma. Hawakurudi. Khairat alipanda jukwaani, akavuta pumzi, akasema hivi. Nayaandika kama yalivyo kwa sababu nayakumbuka.

"Waheshimiwa waamuzi, jina letu ni Mkono Mwema. Maneno yaliyofuatia hapo kwenye fomu ni makosa ya kuandika, tunaomba radhi. Mkono mwema ni ule unaowahi karafuu za jirani kabla ya mvua."

Yule mama wa Wete aliacha kuchezea kalamu.

Khairat akaendelea. Sehemu iliyofuata hakuisema Jumanne, wala hakuwahi kuniambia. Alisema mwaka jana, vuli, bibi yake alikwenda kliniki Chake na yeye alikuwa skuli. Mvua ilipiga robo saa tu. Karafuu za magunia mawili zilikuwa zimeanikwa. Zikalowa, zikafanya ukungu, na kituo cha ununuzi hakikuweza kuzichukua. "Muhula uliofuata sikuja skuli," alisema. "Nilikwenda kuchambua karafuu za watu mpaka tukapata sare na madaftari. Robo saa ya mvua ilinigharimu muhula mzima."

Muhula ule mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa darasa. Mbele ya jina la Khairat niliandika MTORO, kwa wino mwekundu, wiki kumi na mbili. Sikumuuliza mtu. Kiti chake karibu na dirisha nilikitumia kuwekea ramani.

Niliinama nikafunga kamba za viatu vyangu. Viatu vyangu havina kamba.

Waamuzi waliuliza masuala matano, na manne kati ya hayo Ishak alikuwa ameshawauliza jana. Yule mama akataka kujua karafuu zikilowa mikononi mwao itakuwaje. Yumna akajibu bila kuangalia chini: zikilowa, hatulipwi. Mama akauliza nani aliwafundisha hivyo. Yumna akasema ni Bi Mwanabaraka, mke wa maalim wetu, muuza mikate ya ufuta wa Wesha.

Ukumbi ukageuka kunitazama. Nikasimama kidogo. Ni adabu ya kwetu, mtoto mwenye haya akitaka kumsifu mwalimu wake humtaja mkewe.

Tumekuwa wa pili. Wa kwanza ni skuli moja ya Kiuyu yenye mashine ya kukausha samaki. Nafasi ya pili ni bora, kwa maana wa kwanza hana tena pa kupanda. Zawadi ni cheti na maturubali matatu makubwa, mazito, mapya, na yule mama wa viungo akaongeza la nne kutoka kwake mwenyewe. Alisema akipita kijijini kwao atataka kuziona karafuu hizo, maana zisizolowa ndizo anazozitafuta.

Khairat hakulia wala hakucheka. Alilikunjua turubali moja palepale, akapima ukubwa wake kwa hatua.

Wakati wa kutoka nilimpa pongezi. Nilitaka kumwambia na jambo jingine, la muhula ule. Nilianza. Nikamwambia, "Khairat, lile daftari la mahudhurio..." Akasubiri. Akasema, "Maalim, yameshapita hayo." Nikasema ndiyo, basi, twende zetu gari lisituache.

Chupa nane nimerudi nazo zote. Hakuna mwamuzi aliyenipa mkono muda wa kutosha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bi Rahma alitusifu mbele ya skuli nzima. Alimtaja Khairat, Yumna na Hamdan, akamtaja Maalim Ishak kwa kuwapa mazoezi, akataja msaada wa Bi Mwanabaraka. Kisha akanitaja mimi kwa jina kamili, akasema anamshukuru Maalim Hafiz Kificho kwa kuwapa jina. Alitua baada ya hapo, labda kwa kuwa mengine yangechukua asubuhi nzima.

Nimekichukua cheti mpaka nyumbani nikakipiga picha nikiwa nimekishika. Mwanabaraka amesema kirudi skuli Jumatatu, pamoja na ule waya unaoumwa.

Yeye mwenyewe leo alitoka mapema na mkate mzima umefungwa kitambaa, akaupeleka kwa Bi Mwanapili. Walikaa mpaka adhuhuri. Sijui wana nini cha kuzungumza, si watu wa fani hii.

Nimekwenda kwenye kabati la skuli, nikatafuta daftari la mahudhurio la muhula ule. Nimefuta kwa wino mweupe zile wiki kumi na mbili, zote, nikaandika RUHUSA. Imenichukua muda. Hakuna aliyeniona na sikukusudia mtu anione.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku ya kwanza ya kazi. Nyumba tisa kati ya kumi na moja zimeleta karafuu zao, mbili bado zinatazama. Majamvi yalijaa uwanja mzima, kila moja limefungwa kitambaa cha rangi yake pembeni. Nilivaa koti nikapanda kwenda kusimamia.

Niliwaomba cheo cha mkurugenzi. Walishauriana, wakanipa cheo cha mlezi, ambacho ni kikubwa zaidi kwa kuwa hakina kikomo. Adhuhuri ilipofika, wasichana walikwenda kusali, wazee wakaingia ndani kula, Hamdan akatumwa dukani, na mimi nikaachiwa uwanja kwa nusu saa. Bi Mwanapili aliniambia maneno matano tu: tazama mbingu, ukiona wingu, uite.

Sasa, alipita mtu na baiskeli. Alisimama kutazama majamvi, akaniuliza hapa pana nini. Suala kama hilo halijibiwi kwa neno moja. Nilimpeleka katikati ya uwanja nikamweleza tangu mwanzo: wazo, jina, Chake Chake, waamuzi. Niliipa mbingu mgongo, ni kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu. Nilipofika kwenye zawadi, nikaona anaruka juu ya baiskeli na kuondoka. Nikadhani hana hamu ya biashara.

Kilichofuata ni mshindo wa radi. Wazee wanne walitoka ndani kwa kasi nisiyoijua kwa watu wa umri wao, Khairat na Yumna nyuma yao na kanga za kusalia kichwani. Bi Mwanapili alishika pembe ya turubali la kwanza, mwenzake pembe ya pili, wakalivuta juu ya majamvi kama shuka. Mimi nilikuwa katikati. Hawakunisubiri. Nikafunikwa pamoja na karafuu.

Mvua ilipiga dakika ishirini. Sikuweza kutoka, kingo zilikuwa zimeshikizwa kwa mawe, na nikipiga magoti nilisikia Bi Mwanapili akisema kwa sauti ya utulivu, "Maalim, tulia hapo hapo, usizikanyage." Nikatulia. Walipofunua, hakuna karafuu hata moja iliyolowa. Kila nyumba ilipata karafuu zake kamili, na zile nyumba mbili zilizokuwa zinatazama zikaja palepale kuuliza kama nafasi bado ipo. Khairat aliziandika. Niliona uso wake. Nimefundisha miaka mingi na nimeona nyuso za watoto waliofaulu mtihani, lakini ule ulikuwa mwingine. Nilijisikia fahari.

Lakini jambo kubwa la leo ni hili. Kule chini ya turubali, gizani, juu ya karafuu zilizokuwa zimeshika joto la jua, nilitokwa na jasho kama sijawahi. Joto, harufu, mvuke. Mafua yaliyonisumbua tangu Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, yakafunguka. Mgongo ukalegea. Na hapo hapo, nikiwa nimelala kifudifudi, wazo likaja.

Nyumba ya mvuke wa karafuu. Mtu anaingia, anafunikwa, anatoka jasho, analipa, anatoka.

Nimeshapima mahali. Pale uani petu penye tanuri la mikate panatosha kabisa, na tanuri ni kitu cha kuhamishika. Mwanabaraka nitamwambia ikiwa tayari, apate kufurahi mara moja. Kidato cha Tatu watabeba matofali kuanzia kesho, iwe sehemu ya somo. Sioni haja ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama watu wanataka kutoka jasho. Kisiwa kizima wanatoka jasho kutwa, tena bure, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kufikiria kuwatoza.